Dakika 45 nje ya Sixways

Nauli ya treni Uingereza ina wazimu wake. Ukikata tiketi wiki kadhaa kabla, utalipa kiasi cha mtu kuvumilia. Ukingoja asubuhi ya safari, utalipa huku unahema. Mimi nilikata mapema, Birmingham hadi Gloucester, kwenda na kurudi. Ilikuwa Januari 2024, shilingi yetu iko taabani, pauni moja imefika karibu 200, na kila kitu nilikipiga hesabu kichwani kabla ya kukitia mdomoni. Kiingilio cha mechi kilikaribia pauni 40. Shilingi 8,000 kutazama raga nikiwa nimesimama!

Dada yangu, aliyenialika, ni muuguzi Birmingham. Ameishi kule miaka na miaka na hajawahi kukanyaga uwanja wowote wa michezo. "Umetoka Nairobi kuja kusimama kwenye baridi?" aliniuliza, akanifungia chapati kwenye karatasi ya foili na kunipa glavu zake, za rangi ya waridi. Nilizivaa. Baridi ile haina aibu.

Raga ya vilabu vya Uingereza nimeifuata kwenye televisheni tangu nikiwa shule ya upili, kwa hiyo nilitaka kuiona Kingsholm, uwanja wa Gloucester, kwa macho yangu. Gloucester walikuwa wanawakaribisha Leicester. Kufika stesheni ya New Street, Birmingham, ubao ukaandika kwamba reli inatengenezwa na sisi wa Gloucester tupande basi. Hakuna aliyegutuka. Watu walikunja miavuli na kupanga foleni kimya, na hata mtu wa kumgombeza hakuwepo, ila kijana mwenye koti la njano aliyekuwa akituelekeza kwa kidole bila kuinua macho kwenye simu. Kwetu abiria wangedai nauli papo hapo, na makanga angeitwa kila jina.

Ndani ya basi nilikaa nyuma, katikati ya kesi iliyokuwa imeshaanza. Kushoto kwangu alikuwa mama wa makamo mwenye skafu ya kijani, nyekundu na nyeupe, yaani Leicester. Mbele yake kijana wa Gloucester, jezi ya mistari ya rangi ya cheri na nyeupe juu ya sweta. Hapo nikatega sikio, maana nimezoea habari za mpira wa miguu wa kule, ambako mashabiki wa timu mbili hutenganishwa kwa polisi na nyua. Hawa walikuwa wanagawana pakiti moja ya viazi vya kukaanga.

Kulia kwangu alikuwa mzee wa koti la bluu lenye dhahabu kifuani. Nembo ile naijua: Worcester Warriors. Nikamuuliza, kwa adabu, kama Worcester nao wana mechi siku hiyo.

"Timu yangu imekufa, kijana," akasema. "Mimi nazurura tu kwenye matanga ya wengine."

Kisa chenyewe nilikuwa nakijua kwa vichwa vya habari tu. Mzee alikuwa nacho chote, tarehe kwa tarehe. Mei 2022 Worcester walicheza fainali ya Kombe la Premiership, yaani ligi kuu ya raga kule, na London Irish. Dakika za kawaida zikaisha, za nyongeza zikaisha, matokeo 25 kwa 25, Worcester wakapewa kombe kwa kigezo cha trai, yale mabao ya raga ya kuweka mpira chini kwenye eneo la wapinzani. Kwake lilikuwa kombe la kwanza kubwa kuliona maishani. Kisha ikaja Septemba. Kodi ya serikali haijalipwa, wamiliki hawana maelezo ya kueleweka, mishahara inayumba. Tarehe 24 walicheza nyumbani na Newcastle, wakawapiga 39 kwa 5. Siku mbili baadaye wakasimamishwa kucheza na klabu ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni. Wiki iliyofuata mahakama ikaifunga kampuni iliyoshika mikataba ya wachezaji, na wachezaji wakawa huru kwenda popote.

"Tulikufa tukiwa tumeshinda 39 kwa 5," mzee akasema. "Niambie timu nyingine iliyokufa hivyo."

Kijana wa Gloucester akamkumbusha kwamba na wale waliokosa kombe fainali ile hawakudumu sana. Ni kweli. London Irish, klabu ya tangu 1898, ilisimamishwa Juni 2023. Katikati ya vifo hivyo viwili ilikufa klabu ya Wasps, Oktoba 2022, na wafanyakazi 167 wakaachishwa kazi siku moja. Wasps walizaliwa 1867 na walikuwa mabingwa wa Ulaya mara mbili. Walihamia Coventry mwishoni mwa 2014, wakanunua uwanja mkubwa, wakakopa pauni milioni 35 kwa hati za dhamana, deni likawakaba. Ligi iliyokuwa na timu 13 ikabaki na 10.

Nilipomwambia mzee natoka Nairobi, uso wake ukachanua. "Mji wa Simon Shaw!" Simon Shaw, lile jitu la safu ya pili, alizaliwa kwetu, akaichezea Uingereza na akabeba makombe mengi akiwa na Wasps. Nikakiri kwamba Nairobi ukimtaja Shaw watu watakukodolea macho. Ukitaja Humphrey Kayange au Collins Injera, nyota wetu wa raga ya wachezaji saba, hapo utanunuliwa soda. Mzee alishangaa. Yeye alidhani tumemjengea sanamu.

Kesi ikahamia kwa mama wa Leicester. Alikuwa ametamba kwamba timu yake haijawahi kushushwa daraja. Kijana akamrukia: msimu wa 2019/20 mlimaliza wa ngapi? Wa 11. Kati ya wangapi? Wa 12. Na wa 12 alikuwa nani? Saracens! Waliponea kwa dhambi ya wengine, akasema kijana, na mimi moyoni nikampa pointi. Saracens walikuwa wamevunja sheria ya kikomo cha mishahara, wakatozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 5, wakakatwa pointi 35, wakakatwa tena hadi ikawa hakika watashuka. Mama hakutikisika. Alisubiri kijana amalize viazi, ndipo akasema, "Na 2022?" Mwaka huo Leicester walikuwa mabingwa, na waliyemfunga fainali ni Saracens hao hao, 15 kwa 12, kwa teke la Freddie Burns dakika ya mwisho kabisa.

"Nyinyi je?" mama akamgeukia kijana. Gloucester hawajawahi kutwaa ubingwa wa ligi. Mwaka 2003 waliongoza msimamo kwa tofauti ya pointi 15, wakakutana na Wasps fainali, wakafungwa 39 kwa 3. Kijana yule wakati huo alikuwa hata hajaanza kutembea, lakini aliguna kana kwamba ni jana. "Na sasa Wasps hawapo," akasema. "Hata wa kulipiza kisasi tumenyimwa."

Tulikuwa kwenye barabara kuu ya M5, tunaelekea kituo kilicho nje kidogo ya Worcester, njia ya kutokea namba 7. Dereva akatokea namba 6. Mzee ndiye aliyegundua wa kwanza, akasimama, akashika kiti cha mbele. "Mungu wangu," akasema, "anatupeleka Sixways."

Sixways ni uwanja wa Worcester Warriors. Uko pale pale kando ya M5, ukikosea njia ya kutokea unauona. Dereva alizunguka mzunguko mara moja, akauzunguka tena, akaingia kwenye maegesho ya uwanja na kuzima injini. Tukadhani anataka kugeuza. Alichukua kipaza sauti na kutangaza kwamba ameendesha saa nne na nusu tangu asubuhi, hivyo sheria inamtaka apumzike dakika 45. Akatoa chupa ya chai na gazeti.

Dakika 45! Mechi inaanza saa tisa na sisi tuko kwenye maegesho matupu. Nilitazama huku na huku nikisubiri ghasia. Dereva wa matatu ya Rongai aliyetoka kwake saa kumi alfajiri angekaa barabarani mpaka saa nne usiku na hakuna ambaye angemgusa, na hapa mtu mzima anakunywa chai na abiria hamsini wanatazama saa zao bila neno. Mama wa Leicester alitikisa kichwa tu, akasema afadhali apumzike kuliko atuue. Nikanyamaza. Kwa barabara zetu na vilio tunavyosoma kila Pasaka, ningeanzia wapi kubisha?

Tukashuka kunyoosha miguu. Geti la uwanja lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Jukwaa lilionekana kwa juu, viti vimekunjwa, na nembo ya klabu bado ipo ukutani. Mzee alituongoza kama mwenye nyumba. Hapa ndipo alipokuwa akiegesha gari tangu wanawe wadogo. Pale alimpiga picha binti yake na mchezaji aliyetoka na damu puani. Kule palikuwa na mama muuza soseji za vitunguu, na harufu yake, akasema, ilikufikia kabla hujafunga mlango wa gari. Alisema yote kwa sauti ya kawaida, hata akacheka, kisha akatoa leso, akaipitisha kwenye kibao cha shaba kilichokuwa getini hadi herufi zikang'aa, akairudisha mfukoni. Kijana wa Gloucester, ambaye kwa jadi ni hasimu wa Worcester, alimpa sigara.

Nikamuuliza mzee pesa zilikwenda wapi. Akaniambia swali hilo lina makosa, kwa sababu pesa hazikuwahi kuwepo. Karibu kila klabu kule huendeshwa kwa hasara, na kinachoiweka hai ni mfuko wa tajiri anayependa mchezo. Tajiri akichoka, au akija asiye tajiri akijifanya tajiri, mambo yamekwisha. Hata zile pauni zaidi ya milioni 200 ambazo kampuni ya uwekezaji ya CVC iliingiza 2018 kununua asilimia 27 ya ligi hazikutuliza kiu; kisha corona ikaja, milango ikafungwa, mikopo ya serikali ikaingia juu ya madeni mengine.

Hapo nikamweleza ya kwetu. Nikamwambia Kenya tuna SoNy Sugar, mabingwa wa ligi ya soka 2006, waliofukuzwa ligini 2019 kwa kukosa kufika mechini, mfuko umekauka. Nikamwambia pia kwenye raga Kabras wanategemea kiwanda cha sukari na KCB wanategemea benki, na kwamba kando ya Ngong Road Impala waliwahi kuitwa Impala Saracens kwa sababu ya ushirika na hao hao Saracens wa faini. Mzee alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikua nikiamini klabu kufa njaa ni ugonjwa wetu, wa viongozi wetu na ofisi zetu. Huko ng'ambo, nilidhani, kuna vitabu vya hesabu. Na vitabu vipo kweli. Kilichoandikwa ndani ndicho kilichonishangaza.

Tulifika Kingsholm kipindi cha pili kimekwenda mbali. Jukwaa la kusimama linaitwa Shed, paa lake liko chini na limekaa kando ya mstari wa uwanja kiasi kwamba skramu ikiundwa upande wako unasikia pumzi. Niliona moja karibu sana. Wanaume kumi na sita wakainama, mwamuzi akatoa amri, mabega yakagongana kama magunia ya mahindi yaliyorushwa kutoka kwenye lori, na mvuke ukapanda kutoka migongoni mwao. Mmoja wa wachezaji wa skramu wa Leicester alikuwa na sikio lililovimba kama ngumi. Kando yangu mtu alikuwa na bia mbili mkononi. Kwenye ligi kubwa za soka la kule kunywa pombe ukiona uwanja ni kosa kisheria, kwenye raga ni desturi. Bia yenyewe nilipoulizia bei nilirudi kwenye chapati za dada. Mama wa Leicester alishangilia katikati ya wenyeji na hakuna aliyemsukuma.

Nani alishinda? Tafuta mwenyewe. Mimi siku hiyo nilishindwa na nauli.

Kurudi kulikuwa kwa treni, nikalala njia nzima. Shirika la reli lilinirudishia sehemu ya pesa baada ya fomu tatu na wiki nyingi, kiasi ambacho hakikutosha hata kiingilio.

Mzee tulibadilishana namba na bado ananiandikia. Bath, waliokuwa wa mwisho kati ya 13 mwaka 2022 na wakanusurika kwa sababu tu mwaka huo hakukuwa na kushuka daraja, walipotwaa ubingwa 2025 kwa kuwafunga Leicester 23 kwa 21, aliniandikia usiku ule ule, akanisihi nisimkumbushe yule mama. Msimu wa 2025/26 Worcester nao wakarudi, daraja la pili, Sixways ikafunguliwa. Akanitumia picha ya tiketi yake ya msimu akiwa amekunja uso kwa bei. Kisha akauliza kiingilio cha RFUEA, uwanja wa raga wa Nairobi, ni shilingi ngapi. Nikamwambia. Alijibu baada ya muda kuuliza kama nimesahau sifuri.