Mkono Uliotikisika

Mwaka 1988 nilikuwa kijana wa kazi katika studio moja ya picha karibu na Mtaa wa Biashara. Tajiri wangu alikuwa na imani moja: picha ni macho. Mtu akuangalie, taa impige ubavuni, basi. Wateja wetu wa makamo walikulia kwenye picha za Parekh, aliyekuwa na studio yake Mombasa tangu miaka ya 1940, na pozi walilijua bila kufundishwa.

Akaja bibi mmoja wa Mji wa Kale, buibui lanukia udi, na picha mbili za marehemu mumewe. Moja ya studio: suti, tai, kidevu juu. Tajiri akaidaka hiyo.

"Hii, mama, nitaikuza ijae ukuta."

"Hiyo sitaki. Nataka hii."

Ilikuwa ndogo, ya harusi, imepigwa barazani. Wanaume wote wanatazama kamera isipokuwa yeye, pembeni kabisa, shingo kaielekeza juu, anacheka, na mkono wa kulia umetikisika hata vidole havihesabiki. Tajiri akamweleza kwa adabu kwamba kamera ilifunga polepole, mkono ukahama, na hilo halitengenezeki. Afadhali tumkate mabegani, mkono ubaki nje.

"Mkono ndio niutakao, mwanangu. Mimi nilikuwa dirishani, ghorofani, na wanawake wenzangu. Hapo yuwaniuliza kama nimekula."

Akakusanya vidole vyake, akavipeleka mdomoni mara mbili, upesi. Nikaitazama tena ile picha, na ule ukungu ukawa vidole.

Mpiga picha wa watu hakujua lolote. Yeye alimlenga bwana harusi. Picha alizopiga Mohamed Amin kule Korem, Ethiopia, mwaka 1984, zilieleweka dunia nzima, kwa sababu njaa haihitaji mkalimani. Hii ilihitaji mtu mmoja tu, aliyesimama mahali ambapo kamera haikufika. (Siku hizi tungeifuta kwenye simu kabla pilau haijapoa.)

Negetivu haikuwapo. Tukaipiga picha ile picha yenyewe, imelazwa mezani, taa mbili zimeinamishwa huku na huku isimetemete. Nikaingia chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu, ndani ya dawa, cheusi ndicho hutangulia: zikatokea ndevu, likatokea koti, yakatokea matundu ya madirisha. Kanzu ilichelewa. Mkono ukaja mwisho, mwepesi kama moshi, nami nikaiacha karatasi kwenye dawa zaidi ya nilivyofundishwa, ili usipotee. Tajiri alipoona weusi wa koti umezidi, akaguna, lakini hakuniambia nirudie.

Bibi aliporudi aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Hakulia. Alitaka kujua kama fremu ya dhahabu ina bei nyingine, akapatana mpaka tajiri akachoka. Ilipokuwa inafungwa kwenye gazeti, mzee wa watu akashindwa kujizuia.

"Sasa mama, siku hiyo ulimjibuje?"

"Nilimwambia nishakula." Akaufunga mkoba wake. "Na wala sikuwa nimekula. Mchele ulikuwa haujaiva, nikaona haya kumtia aibu mwenye harusi."