Soma Walikokwisha Kutoa Kabla Hujaandika Andiko

Kwa miaka 2 sasa ninajitolea kuwa mtunza hazina wa kituo kidogo kilichopo Vingunguti, ambako watoto wa shule za msingi hufika jioni kujisomea kwa sababu nyumbani kwao chumba kimoja hulala watu watano na taa huzimwa mapema. Kazi iliyonielemea kuliko zote ni kutafuta ruzuku, hasa kutoka taasisi za hisani za kifamilia za Marekani, na ninaandika haya kwa ajili ya viongozi wa vikundi vidogo vya hapa Dar es Salaam ambao wanakaribia kuianza kazi hiyo.

Mwaka wa kwanza tuliandaa andiko moja la kuomba ruzuku, la kurasa 18, tukalituma kwa taasisi 14, tukibadilisha jina la mpokeaji tu. Tulipata majibu 2, yote ya kukataa kwa adabu. Sikuelewa tulipokosea hadi mwenzangu wa asasi moja ya Buguruni aliponikalisha mbele ya kompyuta yake na kunionyesha fomu iitwayo 990-PF, ambayo taasisi binafsi za hisani za Marekani huiwasilisha kila mwaka kwa mamlaka ya kodi ya huko, na ambayo kwa sheria mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma. Ndani yake imo orodha ya kila aliyepewa fedha mwaka huo: jina, mahali alipo, madhumuni kwa maneno machache, na kiasi. Kimo pia kisanduku ambacho taasisi hukitia alama ikiwa inatoa kwa mashirika iliyoyachagua yenyewe tu na haipokei maombi ambayo haikuyaitisha yenyewe. Tulipozipitia zile taasisi 14, tulikuta 9 zimekitia alama kisanduku hicho. Nyingine, ambayo tuliiomba dola 60,000, haikuwahi kutoa nje ya Marekani zaidi ya dola 10,000 kwa mara moja. Tulikuwa tumeiandikia familia kana kwamba tunaandikia ubalozi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Sheria ya kodi ya Marekani huzitaka taasisi hizi kutumia kila mwaka kiasi cha takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zao, kwa hiyo fedha lazima zitoke. Lakini zinaelekea wapi, hilo huamuliwa na watoto na wajukuu wa mwanzilishi wakiwa wameketi mezani, na mara nyingi huongozwa na yale aliyoyapenda mzee wao. Conrad Hilton, mwenye mahoteli, alianzisha taasisi yake mwaka 1944, na hadi leo masista wa Kikatoliki wamo katika orodha ya wanaosaidiwa kwa sababu alielekeza hivyo katika wosia wake. Taasisi hiyo ni kubwa na ina wafanyakazi wengi, ilhali nyingi za aina hii hazina hata mwajiriwa mmoja. Ombi linalokwenda kinyume na moyo wa familia halitapokelewa hata likiandikwa kwa ufasaha wa namna gani, na kubadilisha kazi yako ili ifanane na moyo huo ni kuwadhulumu watoto ulioanza kuwahudumia.

Basi tulichagua taasisi 3 tu. Kwa kila moja tulitafuta asasi ya Afrika Mashariki iliyokwisha kufadhiliwa nayo, tukaenda kuwaona wahusika au kuwapigia simu, na moja ya asasi hizo ikakubali kututambulisha kwa taasisi iliyoifadhili. Tuliombwa andiko dhana, yaani muhtasari wa wazo letu, la kurasa 2, pamoja na cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, katiba, na hesabu zilizokaguliwa. Wenzangu waliona nyaraka hizo ni usumbufu, lakini taasisi inayotoa fedha kwa shirika la nje inawajibika kisheria ama kuthibitisha kwamba shirika hilo linalingana na la hisani la Marekani, ama kufuatilia matumizi ya ruzuku hiyo kwa mkataba na ripoti.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya bajeti. Mwenzetu mmoja alitaka pango la ukumbi, posho ya mlinzi na umeme viingizwe chini ya vifaa vya kufundishia, akiamini kwamba wafadhili hawapendi gharama za uendeshaji. Nilikataa, na ninasisitiza kila kikundi kikatae, kwa kuwa mlinzi ndiye anayewafungulia watoto mlango. Tuliandika wazi: umeme wa Luku, shilingi 45,000 kwa mwezi, kwa sababu watoto husoma hadi saa 1:30 usiku. Binti wa familia yenye taasisi tuliyotambulishwa kwake alipotupigia simu, swali lake la kwanza lilihusu mstari huo. Aliuliza watoto hurudije nyumbani saa hizo, nasi tukamweleza kwamba wakubwa huwasindikiza wadogo kwa makundi ya mtaa kwa mtaa, na mlinzi huandika kwenye daftari saa ambayo kila kundi limeondoka.

Tulipewa dola 8,000 za mwaka mmoja, pungufu ya tulizoomba, na benki zikakata makato yake njiani, jambo ambalo hatukuliweka kwenye bajeti na safari ijayo tutaliweka. Ripoti ya kwanza inatakiwa mwezi Januari. Daftari la mlinzi na risiti za Luku tayari tumeviweka katika faili moja.