Usiku wa Nane Nane Niliolala Mapema

Mfuko wa karanga umefika leo asubuhi kwa basi la Mpwapwa, umefungwa kwa kamba ya katani, kama kawaida yake Mama kila Nane Nane ikikaribia. Nilipoukata jikoni, lile vumbi jekundu na harufu ya maganda makavu vikanipanda puani, nikabaki nimesimama na kisu mkononi. Mwanangu akauliza, "Mama, vipi?" Nikamwambia ni vumbi tu. Kumbe mwenzake nilikuwa nimesharudi 2021.

Mwaka ule Nane Nane iliangukia Jumapili. Tulishinda uani kwa Mama tukimenya karanga za mbegu, hadi magharibi vidole gumba vilikuwa vinawaka moto. Mwezi haukuwepo kabisa, kipupwe kimekausha anga, wingu hata la dawa huoni. Baada ya kula Mama akaniuliza, "Leo hutoki na darubini yako? Mbingu nyeupe hivi!" Nikamjibu, "Kesho, Mama. Pale penyewe patupu tu." Saa mbili na nusu nilikuwa nimeshajifunika blanketi.

Na kweli palikuwa patupu. Nyota niliyokuwa nikiivizia, RS Ophiuchi, ikitulia huwa na mng'ao wa daraja la 11 hivi, na kwenye hesabu za nyota namba ikikua ndivyo mwanga unavyopungua. Darubini yangu ya macho mawili, ya milimita 50, haiifikii. Kwa hiyo kazi yangu kwa miaka mitatu ilikuwa kutazama mahali pasipo na kitu, kutafuta jirani yake aliye hafifu kuliko wote ninaoweza kuwaona, kisha kuandika: haionekani, ni hafifu kuliko 9.2. Waangalizi wa nyota geugeu, zile ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka, dunia nzima huandika hivyo, na chama cha AAVSO cha Marekani kipo kwa kazi hiyo tangu 1911. Namba ya "haionekani" ina thamani yake, kwa sababu nyota ikija kulipuka, ndiyo inayoshuhudia kwamba hadi saa fulani ilikuwa bado imelala.

Jumatatu asubuhi niko bombani, simu ikaleta ujumbe. Saa saba na dakika ishirini usiku, kwa saa zetu, Keith Geary wa Ireland ameiona ikiwa daraja la 5. Nikaketi juu ya dumu.

RS Ophiuchi ni nova, nyota inayowaka ghafla kisha ikafifia, tena ya zamani inayorudia. Ilishalipuka 1898, 1933, 1958, 1967, 1985 na 2006. Ni nyota mbili zinazozungukana, jitu jekundu na kibete mweupe anayelinyonya. Gesi hujilimbikiza juu ya kibete mpaka siku inalipuka yote kwa mpigo, na mwenyewe anabaki mzima, anaanza kunyonya upya. Kalenda hana: mara miaka 9, mara 35.

Ila usiku wa tarehe 9 ndio ninaouona hadi leo. Nyota ile na Mpwapwa ziko karibu sawa kusini mwa ikweta, kwa hiyo ilipotimu saa tatu ilikuwa utosini kabisa, na huwezi kuitazama umesimama. Nikatandika mkeka uani, nikalala chali, viwiko nimevikaza mbavuni ili darubini isitetemeke. Mashariki Mshtarii na Zohali walikuwa wameshapanda. Nusu saa nzima sikugusa simu, macho yazoee giza. Kisha nikapatazama pale patupu.

Pana nyota.

Pumzi ikanikatika. Jirani yake kuna nyota Mu ya kundi la Ophiuchus, kwenye ramani imeandikwa 46, maana yake 4.6, nukta huachwa isije ikadhaniwa ni nyota. Nikaenda Mu, nikarudi, nikaenda tena, nikarudi. Ni kutupia jicho tu, huruhusiwi kukodoa, maana nyota yenye wekundu ukiikodolea inazidi kung'aa machoni mwako na makadirio yanaharibika. Mwisho nikaamua: ni hafifu kidogo tu kuliko Mu. Nikaandika 4.8, kwa mwanga wa tochi niliyoifunga kitambaa chekundu, mkono unatetemeka.

Ndipo Mama akaja amejitanda kanga, akalala kando yangu bila neno. Nikampa darubini, nikamshika kiwiko kumwelekeza. Alitazama muda mrefu. "Hii moja nyeupe," akasema. "Ile nyingine kama kaa linaloanza kuzimika." Mimi nilikuwa nimeandika "manjano". Nikaichukua darubini, nikatazama tena. Nikafuta, nikaandika: rangi ya kaa, kasema Mama.

Wiki haikuisha, macho matupu yakaipoteza. Kwenye darubini, kadiri ilivyofifia ndivyo ilivyozidi wekundu, kwa ile haidrojeni iliyorushwa nje, ambayo mwanga wake ni mwekundu. Huko Namibia darubini za H.E.S.S. ziliielekea tangu usiku uleule wa tarehe 9, zikanasa miale ya gama yenye nguvu ambayo haikuwahi kunaswa kutoka kwenye nova. Mwezi wa kumi kwangu pakawa patupu tena.

Wanaopiga hesabu za mlipuko ule wanauanzisha tarehe 8. Huenda saa tatu ya Nane Nane ilikuwa imeshawaka juu ya bati la Mama, saa nne kabla ya Ireland, na mimi ndani ya blanketi. Kinachoniuma si kukosa jina la aliyeiona. Ni daftari. Agosti 7: hafifu kuliko 9.2. Agosti 9: 4.8. Katikati hapana mstari, wala siwezi kusema nilitazama nikakosa.

Usiku huu nimetoka. Hapa Morogoro taa ni nyingi, sioni zaidi ya daraja la 8. Saa tatu Mama akapiga simu, na karanga hakuziuliza.

"Umetoka?"

"Nimetoka, Mama."

"Pana nini?"

"Patupu."

"Haya, andika."