Ukienda Uskoti kupiga gofu, usiishie St Andrews

Kila nikiona mtu anapanga safari ya gofu ya Uskoti ratiba ni ileile, St Andrews, Carnoustie, Turnberry, na wakibahatika kufika juu huko wanaongeza Royal Dornoch, basi. Sibishani na sifa za hivyo viwanja, vinastahili. Ila ratiba ya hivo inakunyima nusu ya utamu wa linksi, maana linksi asili yake ni kiwanja cha kijiji, ardhi ya mchanga kati ya bahari na mashamba, hailimiki, watu wakachungia kondoo na wakapigia gofu hapohapo, na kwenye vile vya majina makubwa hicho kitu unakisikia kwa mbali tu kwa sababu ya foleni na watu wa kupiga picha. Ushauri wangu ni mmoja: toa kikubwa kimoja kwenye ratiba, ingiza vidogo viwili.

Naanza na Brora kwa sababu hiki kinaniuma. Kiko pwani ya Sutherland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, ukitoka Royal Dornoch ni kama nusu saa kwa gari kuelekea kaskazini, na bado watu wanafika Dornoch, wanacheza, wanageuza gari wanarudi Inverness. Jamani! Brora ilipangwa upya na James Braid miaka ya 1920, huyo ni bingwa wa The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara 5, na alichokichora ndo bado unakicheza leo kwa sehemu kubwa. Kwa miaka mingi kondoo na ng'ombe wamelisha humo ndani kabisa, feawei, yaani njia ya nyasi fupi ya kuelekea shimo, zikiwa malisho yao, alafu kila grini, lile eneo la nyasi laini lenye shimo, ikazungushiwa waya wa umeme wasiingie kukanyaga, so mchezaji alikuwa anafika anauvuka waya kwa uangalifu, anasukuma mpira shimoni, anauvuka tena anaendelea na safari. Mtu akisikia hivo anadhani ni kiwanja cha ovyo, lakini ng'ombe na kondoo ndo waliofanya nyasi ziwe fupi na ardhi ibaki ngumu, na ardhi ikiwa ngumu mpira ukitua unakimbia mbele, kwa hiyo inabidi uache kuurusha juu kila saa, uupige chini chini uutambaze mpaka kwenye bendera. Mashimo 9 yanakupeleka kufuata ufukwe na 9 yanakurudisha, yaani upepo uliokusukuma mgongoni kwenda, kurudi unakukuta usoni. Alafu cheki akili ya Braid: par 3, yaani mashimo ya kumalizwa kwa mikwaju mitatu, ziko 4 na kila moja imeelekezwa upande wake, hakuna namna utaujua upepo kwenye moja ukautumia kwenye nyingine. Na shimo la mwisho ni par 3 ndefu, kitu adimu sana, umebakiza mkwaju mmoja mzuri wa kumaliza raundi na watu wa klabu wanakuangalia.

Na kama huna gari, treni inayopanda kaskazini kutoka Inverness inasimama Brora. Mwenye gari apitie pia Fortrose & Rosemarkie njiani, kiwanja chembamba kimekaa kwenye ulimi wa ardhi ulioingia baharini, pale mwisho kuna mnara wa taa na pomboo wanaonekana karibu kabisa na nchi kavu, na Golspie ambayo iko katikati ya Dornoch na Brora na inakupa linksi na mashimo ya ndani ndani kwa raundi moja.

Sasa kwa wale ambao lazima wafike St Andrews, na nawaelewa. Old Course, kile kiwanja chake maarufu, kwa kawaida haichezwi Jumapili, inapumzishwa, watu wanatembea tu humo na mbwa wao. Siku hiyo usikae hotelini, shuka pwani ya Fife mpaka Elie. Huko Earlsferry ndo alikozaliwa Braid mwenyewe mwaka 1870, na kiwanja chao hakina par 5 hata moja, ni par 4 kumi na sita na par 3 mbili, ukiambiwa hivo unasema kitachosha, nenda ucheze ndo utajua par 4 zinaweza kutofautiana kiasi gani. Shimo la kwanza kuna kilima mbele yako kimeziba kila kitu, huwaoni waliotangulia, so kwenye kibanda cha yule anayeruhusu watu kuanza wameweka periskopu ya nyambizi, bomba lenye vioo la kuonea juu ya kizuizi, ilitoka kwenye nyambizi ya HMS Excalibur, anachungulia juu ya kilima akiona wamesogea anakwambia piga. Ni kifaa cha kazi na kinatumika kila siku. Piga simu mapema tu uulize siku hiyo wageni wanaingia saa ngapi.

Kiwanja kingine ni Shiskine, kisiwani Arran magharibi mwa Uskoti, na kina mashimo 12. Sio 9, sio 18 kama ilivyozoeleka, ni 12. Zamani waliongeza yakafika 18, yale ya juu mlimani yakaachwa, yakabaki haya na hakuna anayelalamika. Unavuka kwa feri mpaka Brodick, unakata kisiwa kwenda upande wa magharibi Blackwaterfoot. Shimo la 3 linaitwa Crow's Nest, fupi sana, ila grini iko juu ya mwinuko mkali na ukisimama kupiga huoni unakopiga, unaamini tu, alafu unapanda kwa miguu na moyo unadunda kutaka kujua mpira uko wapi, ukifika juu bahari yote iko mbele na rasi ya Kintyre ng'ambo. Kuna watu wanakwambia mashimo 12 sio gofu kamili, mi nasema wacheze kwanza, maana ukimaliza una nguvu ya kurudia yote tena na muda bado upo.

Kwa mwenye siku za ziada, kuna kiwanja cha Askernish, kisiwa cha South Uist magharibi mwa Uskoti. Old Tom Morris, mchezaji na mpangaji viwanja wa zamani, alikipanga 1891, baadae kikaachwa mchanga na nyasi vikameza mashimo yake mengi, mpaka miaka ya 2000 watu wakaanza kuyatafuta tena kwenye matuta, na 2008 kikafunguliwa upya. Wakulima wa pale bado wanachunga mifugo humo wakati wa baridi, na kiangazi ardhi inajaa maua. Ni mbali, ni kweli. Kama gofu kwako ni kadi ya alama na picha ya klabuhausi usihangaike, ila kama unataka kuona mchezo huu ulikuwaje kabla ya mashine za kusawazisha ardhi, sijui pengine pa kukupeleka.

Ayalandi nagusia tu, ina haki ya posti yake. Carne, kule Belmullet kaunti ya Mayo, ni kazi ya Eddie Hackett, mpangaji viwanja wa Ayalandi, na matuta yake ni makubwa mpaka unajiona mdogo. Cruit Island kule Donegal ni mashimo 9 tu, na la 6 unapiga juu ya bahari kutoka mwamba mmoja kwenda mwingine, kwa hilo moja tu nenda.

Mambo ya kupanga sasa. Feri ndo ikamate ratiba, sio kiwanja, kwa sababu upepo ukichachamaa feri inafutwa na wewe unabaki ulipo, kwa hiyo visiwa viweke mwanzoni au katikati ya safari, usiviweke siku moja kabla ya ndege. Juni kule kaskazini mwanga upo mpaka saa nne usiku inapita, so raundi ya pili jioni inawezekana kabisa bila haraka. Beba begi jepesi la kuvaa mgongoni maana viwanja vidogo ni vya kutembea, jaketi la mvua la uhakika, na noti ndogondogo za pauni, maana kwenye klabu nyingine ndogo ukifika hakuna mtu mapokezi, kuna kisanduku tu ukutani, unatumbukiza ada yako unaandika jina unaenda kucheza.