Tope la Mto Linapoonja Chumvi

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mto huilisha bahari kile tu kilichoyeyuka majini, na kwamba tope ni mzigo unaozama mlangoni na kusahaulika. Imani hiyo ilinitoka niliposoma habari za bariamu, metali inayopatikana kwa kiasi kidogo majini. Ukichota maji kuanzia mtoni hadi baharini, ukayachuja na kupima bariamu iliyoyeyuka, utatarajia kiwango chake kishuke kadiri maji ya bahari, yenye bariamu haba, yanavyozidi. Badala yake, kwenye milango ya mito kadhaa, Amazon na Mississippi ikiwemo, kiwango hupanda kwanza ndipo kishuke.

Ziada hiyo hutoka kwenye tope lenyewe. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo mtoni hushikilia ioni (atomi zenye chaji ya umeme) chanya juu ya nyuso zake. Zikikutana na maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo, ioni za sodiamu na magnesiamu huzivamia kwa wingi na kuibandua bariamu pamoja na radiamu, metali yenye mnururisho. Kadimiamu, metali ambayo ni sumu, huondoka kwa njia nyingine: hujifunga na kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi, na ikishajifunga hivyo hairudi kwa urahisi kwenye chembe.

Chuma huenda kinyume. Sehemu kubwa ya chuma kinachohesabiwa kuwa kimeyeyuka mtoni ni vijichembe vilivyopenya chujio la mikromita 0.45 (kwa maoni yangu, neno "kuyeyuka" hapa linatumiwa kwa ukarimu kupita kiasi), na chumvi huvigandamanisha vikazama. Hata hivyo, kuzama si mwisho wa safari, kwa sababu chini ya sakafu ya bahari bakteria humaliza oksijeni, kisha hugeukia oksidi za manganizi na za chuma kuzitumia badala yake, nazo oksidi huyeyuka na kuachilia fosfeti na arseniki zilizokuwa zimeshikiliwa nazo. Baadhi ya vitu hivyo vilivyoachiliwa hupenya hadi maji yaliyo juu ya tope, hasa mawimbi yanapolivuruga tope.

Kinachonivutia zaidi ni radiamu. Tope likishanyang'anywa radiamu yake hubaki na thoriamu, metali nyingine yenye mnururisho ambayo haikubali kubanduka, nayo huoza (atomi zake hugeuka zenyewe) na kuzalisha radiamu mpya ya aina mbalimbali: radiamu 224 hurejea katika siku chache, ilhali radiamu 226 huhitaji zaidi ya miaka 1,000.