Siku moja gereji: makosa ya wanaojitengenezea, na yetu sisi mafundi

Saa 1:00 asubuhi
Nafika kabla ya watu, na kabla sijagusa gari yoyote nahesabu. Soketi kwenye boksi lake, bisibisi, tochi, alafu matambara. Leo matambara ni kumi. Dogo ninayemfundisha kazi kaja akanikuta la saba, akauliza bro hivi vitambaa vichafu navyo tunahesabu? Nikamwambia hesabu tu, kama soketi.

Saa 2:30
Gari ya kwanza imekuja inavutwa. Mwenyewe alibadilisha oili jana, peke yake nyumbani, leo kaendesha kidogo taa nyekundu ya oili ikawaka akazima hapo hapo barabarani. Hapo kwenye kuzima alifanya la maana kuliko yote, maana kuna wanaosema ngoja nifike kwanza, na wanafika na injini imeshakwama.

Chini kote oili imetapakaa. Nikafungua filta, nikapitisha kidole pale inapokaa, nikakuta raba ya filta ya zamani imebaki imegandia kwenye injini. Filta mpya nayo ina raba yake, kwa hiyo zimekaa mbili moja juu ya nyingine. Ukiwasha tu unaona kama imebana vizuri, ila presha ikipanda ile raba ya juu inasukumwa nje na oili inamwagika yote ndani ya muda mfupi sana. Kijana kaniambia alifuata video hatua kwa hatua, na namwamini, ila ile hatua ya kuangalia kama raba imetoka na filta watu wengi hawaionyeshi. Na plagi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nayo kaikaza kwa nguvu zake zote akidhani ndo usalama. Sampu nyingi siku hizi ni aluminiamu, plagi inataka kama Nm 30 hadi 40 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ukizidisha uzi wa ndani unakatika na hiyo ya kwake imeshaanza kuzunguka bure. Raba ni dakika chache, uzi wa sampu ni kazi ya siku nzima.

Saa 4:00
Hii imeniuma. Mama mmoja, gari yake ilifanyiwa sevisi juzi, siyo kwangu, sasa ukiweka gia injini inanguruma na gari haiendi. Nikachomoa kijiti cha oili, oili imepita alama ya juu mbali kabisa. Nikapima giaboksi, karibu kavu. Hapo sikuhitaji tena kuuliza.

Kuna magari ukilala chini, plagi ya kwanza kukutana nayo ni ya giaboksi, na inafanana na ya injini. Fundi kafungua hiyo, kamwaga oili ya gia yote, kafunga, alafu akaja juu akaongeza lita nne za oili mpya kwenye injini ambayo ilikuwa imejaa. Yaani kaharibu pande mbili kwa kazi moja. Injini ikizidi oili krenkshafti, ule mhimili mkubwa unaozunguka ndani ya injini, inaipiga inatoa povu, pampu inavuta povu, na povu halilainishi vyuma. Na giaboksi yenyewe ni CVT, aina ya otomatiki, ndani kuna mkanda wa chuma unabanwa na puli mbili kwa presha ya oili, oili isipokuwepo mkanda unateleza unakwangua puli. Nikatoa kile kidogo kilichobaki nikakisambaza kwenye kiganja, nikamulika na tochi, kikawa kinametameta kama kimemwagiwa unga wa fedha. Chuma hicho.

Na siyo kwamba fundi yule hajui. Oili ya gia ina rangi yake, mara nyekundu mara kijani, na ya injini iliyotembea ni nyeusi, angetazama ndoo yake sekunde tano angejua. Tatizo ukishafungua plagi maelfu mkono unaenda wenyewe jicho liko kwenye gari inayofuata. Mtu wa nyumbani anaogopa, ndo maana anasoma kitabu cha gari. Sisi tuliozoea ndo tunaacha kutazama, na mimi najisemea hilo kila siku.

Mama kaniuliza, mwanangu, ndo imekufa? Nikamwambia mama injini naona imepona, giaboksi siwezi kukuahidi mpaka niifungue, na picha za hiyo oili nakupa uende nazo kule ilikofanyiwa sevisi.

Saa 7:00 mchana
Gari imekuja na taa ya injini inawaka, na mwenyewe kashabadilisha sensa tatu. Nikachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171. Hiyo kodi inasema mchanganyiko una hewa nyingi au mafuta machache, basi. Haijasema badilisha sensa. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa na taarifa ilikuwa ya kweli, ila watu wengi, na mafundi wengi mno, wakisoma kodi wanaenda moja kwa moja dukani. Kabla ya kununua chochote sikiliza, kunja mipira, angalia.

Nikakunja ule mpira mnene unaotoka kwenye kisafisha hewa kwenda kwenye throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ukiwa umekaa kawaida huoni kitu, ukiukunja kwenye mikunjo yake ya chini ufa unafunguka kama mdomo. Hewa inaingilia hapo, nyuma ya sensa inayopima hewa, kwa hiyo kompyuta haiihesabu. Tukaagiza mpira mwingine, tukaambiwa jioni, nikamwambia dogo azibe mdomo wa throto vumbi lisiingie.

Saa 9:30
Breki. Jamaa kabadilisha pedi mwenyewe na moja kaiweka kinyume, chuma kimegusa diski, na kalipa, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski, aliiacha inaning'inia kwenye mpira wa breki wakati anafanya kazi. Diski mpya, mpira mpya, na nikamwonyesha kukanyaga pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuondoa gari, maana ukiikanyaga mara ya kwanza inazama mpaka chini.

Saa 10:30
Gari ile ile ya breki, na hapa mkosaji ni mimi. Nilikuwa nimeshikiza nati za tairi la mbele kushoto kwa mkono tu, simu ikaita, nikapokea, niliporudi nikashusha jeki nikampa mtu ufunguo. Kila nati nikishaikaza kwa toki renchi, ile inayopima nguvu ya kukaza, naipiga alama nyeupe. Gari inakata kona kutoka nje naona tairi la kushoto nati tano hazina alama hata moja. Nilikimbia nikapiga boneti kwa kiganja.

Akashusha kioo, nikamwambia kaka hizo nati sijakaza, ni kosa langu, zima gari. Alinyamaza kidogo alafu akashuka. Nikakaza kwa toki renchi, nati moja alafu ya upande wa pili, mpaka Nm 103 kama kitabu cha gari yake kinavyosema, mbili kati yake zilizunguka karibu nusu duara kabla renchi haijalia. Akiwa kwenye mwendo tairi lingeweza kuchomoka. Nikamwomba arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 nizipime tena, akasema atarudi. Mikono ilikuwa inanitetemeka mpaka nikakaa chini.

Saa 12:30 jioni
Mpira umefika. Giza linaingia, dogo kachoka na anataka kuonyesha anaweza, kauchomeka haraka, kakaza klempu mbili vizuri tu, kaingia ndani ya gari mkono uko kwenye ufunguo. Nikasema subiri, hesabu matambara.

Akashuka. Tisa. Akarudia, tisa. Akaangalia chini ya gari, kwenye boksi la soketi, juu ya betri. Alafu akasimama tu anautazama ule mpira mpya, hakuniuliza kitu, akachukua bisibisi akalegeza klempu. Tambara lilikuwa kwenye mdomo wa throto vile vile alivyolikunja mchana. Akalivuta polepole, akaingiza tochi kuangalia kama kuna uzi umebaki, akafunga tena, akahesabu kwa sauti mpaka kumi.

Ndo tukawasha.