Ukilalamikia bajeti ya halmashauri mwezi wa sita umechelewa

Kila mwaka ikifika Juni watu wanakaa mbele ya TV kumsikiliza Waziri wa Fedha, tunahesabu soda imepanda shingapi, bia shingapi, mafuta je, afu wiki nzima inaisha kwa malalamiko. Sawa, ni haki yetu. Ila ile bajeti inayoamua kama zahanati ya kijiji chenu itaezekwa mwaka huu, kama stendi itamwagiwa kokoto, kama choo cha shule kitachimbwa, hiyo ilishapita zamani. Imepita kwenye baraza la madiwani mwezi wa kwanza au wa pili huko, na kabla ya hapo ilitakiwa ipite kwako wewe kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa.

Mi nanunua mpunga na mahindi huku kanda ya ziwa, kwa hiyo halmashauri nakutana nayo barabarani kwenye geti la ushuru mara nyingi kuliko ofisini, na hili jambo linanikaa rohoni kwa sababu naona hela inavyotoka mikononi mwa watu pale getini na naona pia ni watu wangapi wanajua inaenda wapi. Hawapo wengi.

Ratiba yenyewe iko hivi, na haijifichi popote. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 unaisha Juni 30. Kuelekea mwisho wa mwaka wa kawaida Hazina inatoa mwongozo wa mpango na bajeti, vijiji na mitaa vinatakiwa viwe vimeshaibua vipaumbele vyao (kuna utaratibu kabisa, unaitwa fursa na vikwazo kwa maendeleo), vinapeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kata inapeleka halmashauri, wataalamu wanaingiza kwenye PlanRep (mfumo wa kompyuta wa kupanga bajeti), kamati ya fedha uongozi na mipango inachambua, baraza la madiwani linapitisha, inaenda mkoani, inaenda TAMISEMI (ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), na mwezi wa nne Waziri wa TAMISEMI anasimama bungeni Dodoma anaomba fedha za halmashauri zote 184 kwa mkupuo mmoja. Sasa wewe unayeanza kuuliza Juni mbona shule yetu haimo, utajibiwa subiri mwaka ujao, na aliyekujibu hivyo hajakudanganya.

Hela yenyewe inatoka sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni ruzuku kutoka serikali kuu, hii ndo inalipa mishahara ya walimu na manesi na miradi mingi mikubwa. Ya pili ni mapato ya ndani, yani ushuru wa mazao, ushuru wa huduma wanaolipa wafanyabiashara (kwa miaka mingi imekuwa asilimia 0.3 ya mauzo), leseni, vibali vya ujenzi, minada ya ng'ombe, machinjio, soko, stendi. Kwa halmashauri nyingi za vijijini hii ya pili ni kidogo sana ukilinganisha na ruzuku, ila ndo hela pekee ambayo diwani wako ana sauti nayo ya kweli, maana ruzuku inakuja na maelekezo yake tayari.

Na vyanzo hivi vimekuwa vikipungua. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu walikuwa wanakimbizana na mgambo mpaka porini, ilifutwa 2003 na hakuna aliyeililia. Kodi ya majengo ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda kuwa 1,500, na mara nyingi anayeilipa ni mpangaji kwa sababu ndo ananunua umeme, wakati kodi ni ya mwenye nyumba. Halmashauri ikibaki na vyanzo vichache inakaza pale ilipobakiza mkono, na palipobaki ni getini na sokoni, kwa watu wenye kipato kidogo kuliko wote.

Chukua ushuru wa mazao. Bajeti ya 2017 iliushusha kutoka asilimia 5 ya bei ya shambani, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikasemwa wazi kwamba mtu anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Na kisheria anayelipa ni mnunuzi, sio mkulima. Mi kama mnunuzi naujua vizuri ukweli wake, mnunuzi anaipiga hesabu anaikata kwenye bei ya mkulima, so mwisho wa siku mkulima ndo anaibeba. Lakini ile ya chini ya tani moja nimeona mama ana magunia manne juu ya fuso, anapeleka kwa watoto wake mjini, anasimamishwa anaambiwa lipa au shusha, na analipa kwa sababu fuso halimsubiri na hajui kama kuna msamaha wowote. Ninapokuwepo huwa namwambia akatae, na mara kadhaa kijana wa geti ameachia bila ugomvi, maana na yeye anajua.

Afu kuna risiti. Siku hizi kuna mashine za POS, zimeunganishwa na mfumo, kinachokatwa kinaonekana halmashauri na kinatakiwa kifike benki. Ni hatua kubwa sana ukikumbuka enzi za vitabu vya risiti ambapo kitabu kingeweza kupotea na hela yake. Lakini ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimekuwa zikirudia jambo lilelile mwaka hadi mwaka: mashine zinazimwa au zinakaa nje ya mtandao muda mrefu, na wakusanyaji wanakusanya ila hela haifiki benki. Mfumo unajua kwamba fulani anadaiwa, jina lipo, kiasi kipo, na bado inachukua miaka kumfuata. Hapo mi sioni tatizo la teknolojia, naona kwamba hakuna anayemuuliza mkurugenzi kwenye kikao "huyu anadaiwa tangu lini na mmemfanya nini". Wewe usipodai risiti umemrahisishia mkusanyaji, na ukikubali kulipa nusu akupitishe bila risiti hiyo nusu imeshakuwa ya kwake, zahanati hapo haina chake.

Halafu tuje kwenye mikataba, huku ndo kunaniumiza zaidi. Watu wakisikia mkataba wa halmashauri wanafikiria barabara na mkandarasi mkubwa, ila angalia vibanda vya stendi na soko. Halmashauri haina hela ya kujenga, inagawa maeneo, mtu anajenga kibanda kwa hela yake kwa makubaliano kwamba atalipa pango dogo mpaka gharama zake zirudi. Mpaka hapo ni wazo zuri tu. Miaka inaenda, gharama zimerudi zamani, pango ambalo halmashauri inapata ni lilelile, mwenye kibanda hafanyi biashara pale wala haonekani, amempangisha mtu mwingine kwa bei ya soko, na yule mwingine wakati mwingine kampangisha wa tatu. Mama lishe aliyepo ndani analipa mara nyingi zaidi ya kile kinachofika halmashauri, na hiyo tofauti yote inabaki kwa mtu wa katikati. Huko ninakofanyia biashara hali ni hiyo, na sehemu nyingi nilizopita nchini wanalalamika hivyo hivyo. Na halmashauri hiyo hiyo kesho inapandisha ushuru wa meza sokoni kwa sababu "mapato hayatoshi".

Miradi ya ujenzi nayo. Madarasa mengi siku hizi yanajengwa kwa fosi akaunti, yani hakuna mkandarasi, kunakuwa na kamati za watu wa pale pale, kamati ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi, fundi analipwa ufundi tu na vifaa vinanunuliwa na kamati. 2021 kwenye zile fedha za UVIKO-19 yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, darasa moja milioni 20. Mi naamini fosi akaunti ni kitu kizuri, hela inabaki kijijini, fundi ni wetu, saruji inanunuliwa kwa mtu tunayemjua. Shida ni kwamba milioni 20 ya karibu na kiwanda cha saruji sio milioni 20 ya kisiwani ambako kila mfuko unavuka maji, na shida nyingine ni kwamba kamati nyingi zinaitwa kusaini. Mjumbe wa kamati ya mapokezi kazi yake ni kuhesabu nondo zikishuka, azipime unene, akatae zisizofaa. Akisaini zikiwa zimeshafungwa kwenye lenta huyo hajapokea kitu. Tangu NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, uanze 2023 manunuzi hata ya shule yanatakiwa yapite humo, ina faida yake kwa uwazi, ila mwalimu mkuu aliyeko mahali mtandao unakuja na kuondoka anapata tabu ya kweli, na hilo linahitaji afisa manunuzi amfuate huko aliko, kumpigia simu kila siku kumwuliza amefikia wapi hakumsaidii.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotolewa kama mikopo kwa vikundi nitaigusa kidogo tu. Ni ya kisheria tangu 2018, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabaya, ikarudi 2024 na halmashauri 10 zikawekwa kwenye majaribio ya kupitia benki. Dawa ya vikundi hewa ipo hapo hapo kijijini: majina ya vikundi na kiasi walichopewa yasomwe mbele ya mkutano. Kikundi hewa hakiwezi kupita mbele ya majirani.

Na kusoma ndo jambo lenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Mikutano ya baraza la madiwani nayo ni ya wazi, mwananchi anaingia anakaa anasikiliza, na kuna siku nzima ya taarifa za kata ambapo kila diwani anasema nini kimefanyika kwake. CAG akishawasilisha ripoti kwa Rais mwisho wa mwezi wa tatu na ikaingia bungeni mwezi wa nne, halmashauri nyingi zinaitisha baraza maalum la kujadili hoja zake. Nenda siku hiyo. Utasikia hoja ya mwaka ule imebaki wazi mpaka leo kwa sababu "nyaraka hazikupatikana", utaona nani anaguna na nani anauliza. Diwani anayejua kuna wapiga kura wake wamekaa nyuma na daftari anauliza tofauti kabisa, hili nimeliona kwa macho yangu. Kama wanakunyima karatasi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016, andika barua, wana siku 30 za kukujibu.

Kwa hiyo kwa wale wa kata yangu mnaosoma hapa: mwezi wa 10 na wa 11 tunataka mkutano wa kijiji uitishwe na vipaumbele viandikwe kwenye muhtasari, sio kwa mdomo. Cha kwanza tumeshakubaliana wengi ni nyumba ya mganga wa zahanati. Cha pili tutamuomba diwani apeleke baraza orodha ya wenye vibanda vya stendi, jina la kila mmoja, mkataba ulianza lini unaisha lini na analipa shingapi. Muhtasari ukishasainiwa kila kitongoji kibaki na kopi yake.